Droni za bei nafuu zinavyowamaliza watengenezaji wengine: tuchambue kwa hesabu

#1 MizaniYaBei

Wakuu, salaam. Kila droni ya bei ya chini ikitoka, mjadala huishia kwenye kamera na dakika za kuruka. Uzi huu naomba tuangalie upande wa pili: ikishatoka, wapinzani wanabaki na nini?

Hoja yangu ni kwamba DJI, watengenezaji wa droni wa China, hawakulishika soko kwa ndege zao ghali. Walilishika kwa kuiweka ndege ya bei ya chini palepale mpinzani alipotaka kuanzia, tena kabla hajarudisha fedha alizotumia kuunda ya kwake.

Tuanze na 2015. 3D Robotics ya Marekani, iliyoanzishwa 2009 na Chris Anderson na Jordi Muñoz, ilitangaza Solo tarehe 13 Aprili kwa dola 999.95. Kwa bei hiyo unapata ndege na rimoti tu. Gimbali, yaani ule mkono wenye mota unaotuliza kamera, ilikuwa dola 399.95 nyingine. Kamera ilikuwa GoPro ya kununua mwenyewe, na Hero4 Black ilikuwa dola 499. Jumlisha: karibu 1,900. Siku tano kabla ya hapo DJI walikuwa wametangaza Phantom 3 Professional kwa 1,259, kamera ya 4K na gimbali vikiwa ndani ya boksi, na Advanced kwa 999. Agosti wakaongeza Phantom 3 Standard kwa 799, na mwaka uliofuata ikawa inauzwa 499.

Mtu wa 3DR angejibuje 499 wakati gimbali yake peke yake ni 400? Mwaka 2016 waliacha kutengeneza ndege wakahamia kwenye programu.

#2 Propela_Nne

Mkuu, hesabu zako ziko sawa ila unaisingizia bei makosa ya watu. Solo iliingia sokoni gimbali haijawa tayari, mteja akawa na droni ya video inayotoa video ya kutetemeka. Matoleo ya kwanza yalichelewa pia kushika setilaiti. Hayo ni makosa ya uhandisi, DJI wasihusishwe.

Karma, droni ya GoPro, ni hivyo hivyo. Ilitangazwa 19 Septemba 2016, dola 799 bila kamera, 1,099 ukiwa na Hero5 Black. Novemba 8 wakairudisha yote, takriban ndege 2,500, kwa sababu komeo la betri halikushika vizuri na ndege ilikuwa ikizima angani. Ilirudi madukani Februari 2017. Ndege inayokata umeme ikiwa juu haiuziki hata ukiiuza kwa nusu bei.

#3 MizaniYaBei

Nakubali kuhusu komeo. Lakini tazama mwezi ule ule. Mavic Pro ilitangazwa 27 Septemba, siku nane baada ya Karma, kwa 999 pamoja na kamera yake. Mavic ina gramu 734, Karma inapita kilo moja. Mavic dakika 27, Karma 20. Mavic ina sensa za vizuizi mbele, Karma haina. Betri zote zingekaa sawasawa kwenye Karma, bado mteja angekuwa analipa dola 100 zaidi kwa ndege nzito inayoruka muda mfupi.

Na GoPro wenyewe walipojitoa Januari 2018 walisema Karma ilishika nafasi ya pili katika kundi lake la bei mwaka 2017, ila faida haikutosha na sheria zilikuwa zinabana. Mshindi wa pili anafunga duka! Sielewi kosa gani la uhandisi linaeleza hilo.

#4 Fundi_Gimbali

Mnabishana bei ya boksi bila kufungua boksi. Droni ya video ina vitu vitatu vinavyoamua nani anaweza kushusha bei na nani atakufa akijaribu.

Kwanza gimbali ya mihimili mitatu. Ndani kuna mota tatu ndogo zisizo na brashi, utepe mwembamba wa nyaya unaojikunja kila kamera inapozunguka, na sensa ya mwendo. Vipuri vyenyewe si ghali sana. Gharama iko kwenye kukalibreti kila kipande kiwandani na kutupa vile visivyotulia. Anayetengeneza vingi ana mashine maalumu ya kazi hiyo, na idadi kubwa ya vipande inailipia. Mdogo anakalibreti kwa mikono ya watu, na kila kipande kibovu kinakula faida ya vizuri kadhaa. Ndiyo maana wengi wanaikwepa na kuweka utulizaji wa programu: picha inakatwa pembeni, kisha inasogezwa ili ionekane imetulia. Mchana jua kali inapita. Jioni kamera inalazimika kuacha shata, yaani kilango cha mwanga, wazi muda mrefu zaidi, ndege inatikisika humo humo, na ule ukungu unakuwa umeshaingia kwenye kila fremu. Programu haiwezi kuutoa. Potensic, wapinzani wa DJI, wanakuonyesha tofauti hiyo ndani ya familia moja: Atom SE inategemea programu, Atom ina gimbali ya mihimili mitatu.

Pili ni redio ya kurusha picha. Mavic Pro ya 2016 ilikuja na OcuSync, mfumo wa DJI wenyewe. Novemba 2020 kizazi cha pili cha mfumo huo kikawekwa kwenye Mini 2 ya dola 449, masafa ya hadi kilomita 10 kwa vipimo vya Marekani. Miaka minne tu! Wateja wa ndege ghali walishalipia utafiti, kwa hiyo kwa Mini 2 ilibaki gharama ya chipu. Mpinzani mwenye ndege ya bei rahisi pekee hana cha kurithisha. Anabaki na Wi-Fi, au ananunua redio kwa wauza chipu kama Artosyn, ambao wanamuuzia na jirani yake. Wi-Fi kwenye mtaa wenye ruta nyingi za 2.4 GHz inaanza kugandisha picha ukiwa hata hujafika mbali.

DJI wanaijua sana hiyo tofauti. Mavic Mini ya 2019 na Mini SE ya 2021 waliziacha kwenye Wi-Fi makusudi, ili anayetaka redio nzuri apande ngazi.

Tatu ni betri na uzito. Hiyo inataka bandiko lake.

#5 Binti_Setilaiti

Niichukue hiyo ya uzito, kwa sababu ndipo sheria ilipogeuka silaha ya biashara.

Desemba 2015 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilianza kudai usajili kwa droni zenye gramu 250 kwenda juu. Ukiwa chini ya hapo na unaruka kwa burudani, husajili. Ulaya nao wakaja na daraja la C0 kwa zilizo chini ya 250. Kwa hiyo gramu moja ikawa na thamani ya fedha.

Parrot wa Ufaransa walitoa Anafi Juni 2018: gramu 320, dakika 25, dola 699. Ndege nzuri tu, kamera inaangalia hata juu moja kwa moja. Miezi 16 baadaye, 30 Oktoba 2019, ikaja Mavic Mini: gramu 249, dakika 30, dola 399. Anafi ilipitwa kwa uzito, kwa muda wa kuruka na kwa bei kwa siku moja. Na usisahau Parrot ndio waliowazoesha watu droni ya kuongoza kwa simu, AR.Drone ya 2010, kwa dola 299! Januari 2017 walikuwa tayari wametangaza kupunguza watu 290 kati ya 840 wa kitengo cha droni. Baada ya Mini walielekea kwa wateja wa serikali na majeshi.

Hiyo 249 inapatikanaje? Betri ya Mavic Mini ni ya lithiamu-ioni, mAh 2400, gramu 100. Yaani asilimia 40 ya ndege nzima ni betri. Kwenye Mini 2 wakaingia lipo (lithiamu-polima) ya mAh 2250, gramu 82.5. Zile gramu 17 na ushee zilizookolewa ndizo zinazokupa nafasi ya redio na mota zenye nguvu zaidi, na ndege haitoki kwenye 249. Uvumilivu wa upepo ukatoka mita 8 kwa sekunde ukafika takriban 10. Mpinzani anayeanza leo lazima acheze mchezo huohuo wa gramu, na hapo ndipo wengi wanakata kwenye plastiki ya mikono ya ndege.

Japani walikuwa na mstari wa gramu 200, DJI wakatengeneza Mavic Mini ya gramu 199 kwa soko hilo peke yake, betri ya mAh 1100, dakika 18. Juni 2022 Japani wakateremsha mstari hadi gramu 100 na faida ile ikayeyuka. Ukiwa na viwanda vikubwa unabeba hasara ya aina hiyo. Kampuni yenye mfano mmoja tu ingelala njaa.

#6 Propela_Nne

Hapo dada umenipata. Anafi naitoa kwenye orodha yangu ya waliojiua wenyewe.

#7 Mnunuzi_Makini

Samahani wakuu, swali la mgeni. Kama bei ya chini ya DJI inaua kila mtu, mbona hizi droni za dola 30 mpaka 50 zimejaa mitandaoni? E88, E99 na ndugu zake. Wao hawafi?

#8 Fundi_Gimbali

Hawafi kwa sababu hawana cha kupoteza, ndugu yangu. Nyingi zinatoka kwenye viwanda vya vichezeo vya Chenghai, mjini Shantou, China. Ganda moja linauzwa kwa wafanyabiashara kadhaa, kila mmoja anabandika jina lake. Utafiti hakuna, huduma baada ya mauzo hakuna. Mfano ukikataliwa, ganda linabadilishwa rangi na namba.

Jinsi ya kuitambua kabla hujatoa hela:

Mwombe muuzaji video halisi iliyotoka kwenye ndege, faili lenyewe, asikurushie kwa WhatsApp kwa sababu huko linabanwa. Lifungue kwenye kompyuta, bofya sifa za faili. "4K" nyingi za kundi hili utakuta ni 720p au chini ya hapo, au ni picha ndogo iliyotanuliwa na programu ya simu. Uliza pia ndege ina sehemu ya memori kadi au hifadhi ya ndani? Kama video inahifadhiwa kwenye simu tu kupitia Wi-Fi, kila picha inapoganda hewani na video yako inaganda vivyo hivyo.

Kisha angalia mota. Mota ndogo nyembamba ndefu kama kidole cha mtoto, zenye nyaya mbili, ni za brashi. Brashi zinalika. Baada ya saa chache za kuruka kona moja inaanza kulala, ndege inavuta upande mmoja, watu wanakalibreti wee, kumbe mota imekwisha. Mota isiyo na brashi ina nyaya tatu na kikombe cha nje kinachozunguka.

Mwisho GPS. Bila GPS na sensa ya chini inayofanya kazi, upepo ukivuma ndege inaenda na upepo.

DJI waliwahi kushuka huko lakini kwa kuvaa joho la mtu mwingine: Tello ya Januari 2018, dola 99, gramu 80, dakika 13, jina la Ryze Tech, na ubongo wa kuruka wa DJI pamoja na chipu ya Intel. Ilikuwa na mota za brashi vilevile. Ila ilitulia hewani, na walimu waliipenda kwa kuwa mwanafunzi anaiandikia programu. Nadhani wauza vichezeo waliumia kwenye kundi la dola 80 hadi 120, wale wa dola 30 hawakuguswa.

#9 MizaniYaBei

Nyongeza kidogo: angalia faida imefichwa wapi. DJI Neo ya Septemba 2024 ilitoka kwa dola 199. Kifurushi chenye rimoti na betri tatu kilikuwa 289. Mini 4K ilitoka kwa 299, kifurushi 449. Hiyo 150 ya juu ni betri mbili, kituo cha kuchajia, begi na propela za akiba. Gharama ya kubuni vitu hivyo ni ndogo kuliko ya kubuni ndege. Bei ya bango inamvutia mteja na kumfukuza mpinzani, halafu kifurushi ndicho kinacholipa. Anayeingia na ndege tupu ya 299 na hana duka la vipuri anashindana na bango tu, hela yenyewe haigusi.

#10 Anga_Mtambuka

Mnaongea kana kwamba DJI ndiye anayebuni kila kitu. Zero Zero Robotics walikuwa na Hover Camera Passport tangu 2016, gramu 242, propela zimefungiwa ndani ya kizimba, inarukia mkononi. Bei ilikuwa dola 599, juu mno. Wakarudi 2023 na HoverAir X1: gramu 125, dakika kama 11, huhitaji rimoti, unaichagulia mwendo kwa kitufe na inakufuata. Hiyo ikauzika kweli. Neo ya gramu 135, inayorukia mkononi na yenye kinga za propela, imekuja *baada* yao. Kwa hiyo mara hii aliyeongoza ni mdogo, na mkubwa akafuata na bei.

Snap, wenye Snapchat, nao walijaribu droni ya Pixy Aprili 2022, dola 230, gramu 101. Agosti ileile wakasitisha. Februari 2024 wakatangaza kurudisha takriban 71,000 kwa sababu betri zingeweza kuvimba na kushika moto.

#11 Binti_Setilaiti

Na Neo ilipokuja, Zero Zero walikuwa wanaelekea wapi? Juu. X1 Pro na ProMax, dola 499 na 699. Ukiona 199 inakuja kichwani unapanda ngazi.

#12 Anga_Mtambuka

Kupanda ngazi si kufa, dada. X1 ProMax inarekodi 8K. Wapo wateja wa skii na baiskeli ambao kwa kasi yao Neo inabaki nyuma.

#13 Binti_Setilaiti

Sijasema wamekufa. Nimesema hawapo tena pale chini. Hata Insta360, watengenezaji wa kamera za nyuzi 360, wenye fedha na jina, walipoingia kwenye droni kupitia Antigravity A1, gramu 249 na kamera ya kuona pande zote, hawakuanzia kwenye bei ya chini. Marekani ilitoka kwa dola 1,599. Wakati huohuo DJI wakaingia kwenye kamera za nyuzi 360 na Osmo 360, yaani jikoni kwa Insta360. Nani anamshushia nani bei, hapo ndipo pa kuangalia.

#14 Propela_Nne

Na Marekani je? Walisema marufuku dhidi ya DJI ingewapa nafasi watengenezaji wao.

#15 MizaniYaBei

Skydio ndio waliokaribia zaidi. R1 ya 2018 ilikuwa dola 2,499, Skydio 2 ya 2019 wakaishusha hadi 999. Kwa kukwepa miti peke yake ilikuwa bora kuliko kitu chochote cha DJI wakati ule. Agosti 2023 waliacha wateja wa kawaida, wakabaki na polisi, jeshi na kampuni.

Serikali iliiweka DJI kwenye orodha ya vizuizi vya biashara Desemba 2020. Desemba 2025 tume ya mawasiliano, FCC, ikaongeza droni zote mpya za kutoka nje ya nchi, pamoja na vipuri vyake muhimu, kwenye orodha ya vifaa visivyoidhinishwa. Zilizokwisha kupata idhini zinaendelea kuuzwa na kutumika. Sasa soma tena neno vipuri. Mota, betri, kamera na redio za droni ya dola 300 kwa kiasi kikubwa vinatoka Guangdong, China. Mmarekani akitaka kutengeneza Mini yake anakutana na ukuta uleule. Ninachokiona ni rafu tupu kwa bei ya chini na ndege za polisi za maelfu ya dola juu yake.

#16 Mnunuzi_Makini

Asanteni, nimepata mwanga. Sasa kwa sisi huku: nikichukua ya mpinzani, tuseme Potensic, badala ya DJI, nichunge nini? Na hiyo gramu 249 inanisaidia Dar au Mombasa?

#17 Fundi_Gimbali

La sheria kwanza. Mstari wa 250 umechorwa Marekani na Ulaya. Maandishi ya boksi hayakupi ruhusa huku. Fuatilia mamlaka ya anga, Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA, na ufuatilie *kabla* ya kuagiza, maana droni isiyo na kibali inaweza kukwama forodhani.

Kuhusu chapa: somo liko kwenye Karma. Mwanzoni mwa Januari 2020, miaka miwili baada ya GoPro kuacha biashara ya droni, ndege hizo ziligoma kuruka duniani kote, ikidhaniwa saa ya setilaiti imejirudia ndani ya programu yake. GoPro walitoa marekebisho, na wenye ndege wakapona. Kampuni ikishafilisika kabisa nani atakuandikia marekebisho? Kwa hiyo, kwa chapa ndogo:

Hakikisha ndege inawaka na kuruka simu ikiwa haina intaneti. Ikidai kuingia kwenye akaunti kila mara, inategemea seva ya mtu.

Nunua betri za ziada siku ileile, mbili angalau. Mfano ukisitishwa, betri ndiyo inayopotea kwanza, na za kuiga mara nyingi hazina bodi ya ulinzi inayoongea na ndege.

Pakua faili la programu ya simu ulihifadhi. Hata DJI Fly kwa Android haipo Play Store, unaichukua kwenye tovuti yao.

Pima uzito kwenye mizani ya jikoni, betri na propela zikiwemo. Mini 5 Pro ya DJI yenyewe imeandikwa gramu 249.9 na kiwanda kinaruhusu tofauti ya gramu 4, kwa hiyo yako inaweza kuvuka mstari. Ukisafiri nayo nje, soma kwanza sheria ya nchi unayokwenda.

Vipuri uliza kwa jina: utepe wa gimbali, mkono wa mbele, propela. Mikono ya mbele ndiyo inayovunjika ndege ikigonga kitu, na utepe unachanika kamera ikikwama. Muuzaji akikwambia "tunabadilisha gimbali nzima", piga hesabu: kwa ndege ya dola 300, gimbali nzima ikifika dola 100 na ushee, huna ndege inayotengenezeka.

#18 Mnunuzi_Makini

Na kwa DJI ya mtumba?

#19 Fundi_Gimbali

Mwenye ndege aiondoe kwenye akaunti yake mkiwa mmekaa pamoja, ndege ikiwa imewaka. Angalia idadi ya chaji za betri ndani ya programu, zikipita 150 omba upunguziwe bei ya betri mpya. Betri ikiwa imevimba hata kidogo usiichaji. Washa, weka mezani, uone kamera inatulia katikati bila kutetemeka. Kisha rusha mita mbili juu, achia vijiti. Ikikaa hapo dakika moja bila kuhama, lipa.